Oili ya Injini Kuukuu ya Boti

(Hotuba iliyotolewa Katilu, Turkana, mbele ya wenye shirika wa boti moja ya uvuvi. Msemaji ni mwanachama wetu, fundi wa injini za dizeli katika karakana ya reli, aliyekuwa kwao kwa likizo. Ameiandika mwenyewe baada ya mkutano, kwa ajili ya wenzake wanaosoma gazeti hili.)



Nimeombwa nieleze jambo moja tu, nalo ni oili gani tuinunulie injini ya boti yetu. Najua wako waliosema kwamba jambo hili ni dogo, halihitaji mkutano. Mtu apande gari mpaka Lodwar, anunue oili, arudi. Ndivyo tulivyofikiri mwaka jana, nanyi mnajua yaliyotupata.

Kwa faida ya wale ambao hawakuwapo nitayarudia kwa ufupi. Boti hii tuliinunua Kalokol ikiwa imekwisha kuvua miaka mingi mikononi mwa watu wengine. Kila nyumba hapa ilitoa mbuzi, na wengine walitoa mahindi na mtama wa mashamba yetu ya mto. Vijana tuliowakabidhi ni hodari wa ziwa, lakini walizoea zile mashine za kufunga nyuma ya boti, zinazotumia petroli iliyochanganywa na oili. Boti yetu injini yake imo ndani, nayo ni ya dizeli. Siku moja walipima wakaona oili imekwisha. Wakachukua madebe ya oili ya zile mashine za nyuma, wakaimimina mpaka ikafika alama ya juu. Madebe yale yalikuwa na picha ya boti ubavuni, wakasema, basi hii ndiyo oili ya boti.

Siku ya tatu injini ilianza kugonga, kisha ikasimama kabisa, nao wako mbali na pwani na upepo umeanza. Ninyi mliokaa Kalokol mnaujua upepo ule wa kutoka kusini-mashariki. Mwaka 1934 Waingereza wawili wa msafara wa Fuchs, Martin na Dyson, walivuka kwenda kisiwa cha kusini na mpaka leo hawajaonekana. Vijana wetu walipiga makasia usiku kucha, wakatupwa ufukoni mbali sana na walikotoka. Hakuna aliyekufa. Lakini tulipofungua injini tulikuta beringi za krankishafti zimeliwa, na kuitengeneza kulimaliza fedha zote za samaki wa miezi minne.

Mimi siwalaumu vijana. Debe lilisema kweli, oili ile ni ya boti. Haikuwa ya boti yetu.

Sasa sikilizeni tofauti yake. Oili ya mashine ya nyuma ya namna ile, ambayo debe lake huandikwa TC-W3, imetengenezwa ili iingie pamoja na petroli, ilainishe mara moja, kisha iungue itoke na moshi. Kwa hiyo ni nyepesi, na haina dawa ya kuchukua masizi, kwa maana haikai mahali ikangoja masizi. Oili ya injini yetu haiungui. Inakaa chini ndani ya sampu, pampu inaivuta, inapita katika filta, inakwenda kwenye beringi na valvu, inashuka tena, na mwendo huo huo majuma kwa majuma. Kila inapozunguka inabeba moto, masizi na asidi itokayo katika dizeli iliyoungua. Oili isiyo na nguvu ya kubeba mzigo huo itautua njiani, na njiani ndipo penye beringi.

Basi tununue gani? Neno la kwanza si langu, ni la kitabu cha injini. Injini hii ni ya silinda mbili, na kibao chake cha namba bado kinasomeka. Nilikipata kitabu chake, na katika ukurasa wa oili wameandika SAE 30 kwa nchi ya joto la wastani, na SAE 40 joto likizidi digrii 30. Kwa ubora wameandika API CC. Sina haja ya kuwaambia kama Kalokol inazidi digrii 30.

Namba hizo za SAE ni za uzito wa oili, namna inavyotiririka. Oili ya 30 ni nyepesi kuliko ya 40, na ya 40 ni nyepesi kuliko ya 50. Oili yo yote ikipata moto hulegea, kwa hiyo kipimo huchukuliwa ikiwa na digrii 100, yaani moto wa maji yanayochemka. Mkiona imeandikwa 15W-40, ile W ni ya baridi ya Ulaya. Maana yake ni kwamba wakati wa baridi oili hii hutiririka kama nyepesi, na ikiisha kupata moto inasimama kama 40. Sisi hapa hatuna theluji. Ile 15W haitusaidii sana, lakini pia haitudhuru.

Herufi za API ni za ubora. Ikianza na S ni ya injini za petroli, ikianza na C ni ya dizeli. Madebe mengine yana zote mbili, na hapo angalieni ile ya C. Herufi inayofuata inapanda kadiri miaka inavyokwenda. Hiyo CC ya kitabu chetu ni ya zamani, imekwisha kufutwa, wala msizunguke maduka ya Lodwar mkiitafuta. Mtaona CF-4, CH-4, CI-4, na sasa CK-4 iliyotoka mwaka 2016. Za baadaye zinaweza kufanya kazi ya zile za kwanza. Lakini CJ-4 na CK-4 ziliwekewa mpaka wa majivu kwa ajili ya magari mapya yenye vichujio katika bomba la moshi. Boti yetu haina kichujio cha moshi. Ina bomba tu, tena lina tundu. Kwa nini tulipie kitu tusichonacho?

Shauri langu ni hili. Tukipata SAE 40 ya dizeli, ya CF-4 au zaidi, debe limefungwa na lakiri haijavunjwa, tuchukue hiyo. Tukiikosa, tuchukue 15W-40 ya CH-4 au CI-4, ambayo wenye malori wanaitumia na kila duka linayo. Iwe oili ya kawaida ya madini. Na tukianza na moja tuendelee nayo.

Katika mazungumzo ya jana jioni nilisikia mashauri mengine matatu, nami yanipasa kuyajibu, maana waliyoyatoa ni watu wenye nia njema.

Ndugu mmoja alisema tununue ile ya bei kubwa kabisa, iliyotengenezwa kwa kemia, kwamba ikiwa ghali ndiyo bora, na itakaa mwaka mzima bila kubadilishwa. Oili ile ni nzuri, sikatai. Lakini injini yetu ni mzee. Sili zake zimekakamaa, na oili ya namna ile huweza kupata njia katika nyufa ambazo oili ya kawaida ilikuwa imeziziba kwa uchafu wake. Tutakuwa tunamwaga fedha chini ya boti. Tena tatizo letu haliishi kwa oili kuwa na nguvu. Injini ya boti inapoozwa na maji ya ziwa yanayopita moja kwa moja, na mara nyingi inakwenda ikiwa baridi kuliko injini ya lori. Injini isiyopata moto wa kutosha haikaushi unyevu. Maji kidogo yanabaki ndani ya oili, na dizeli isiyoungua inashuka kupita kwenye ringi zilizolika. Oili ya shilingi nyingi ikiisha kuingiwa na maji na dizeli ni uchafu kama ya shilingi chache. Dawa ni kuimwaga na kutia mpya mapema. Ndiyo maana nasema tununue ya bei ya kadiri, ili tusione uchungu kuimwaga.

Mwingine alisema kuna oili chafu inayotolewa katika malori, inapatikana bure, tuichuje kwa kitambaa. Hapana. Kitambaa huzuia mchanga. Hakizuii masizi wala asidi wala vumbi la chuma. Dawa iliyokuwamo imekwisha kutumika. Oili ile imestaafu, nasi tunataka kuiandika kazi tena bila mshahara.

La tatu lilinihusu mimi mwenyewe. Mzee mmoja aliniambia, wewe mwanangu uko reli, kule kuna mapipa na mapipa, utuletee debe moja moja kila ukija likizo. Mzee wangu, kwa heshima, nakujibu mara mbili. Kwanza, oili ile si yangu. Mfanyakazi akikamatwa langoni na debe hufukuzwa kazi, na chama chake kitamtetea kwa neno gani? Tunapigania mishahara na nyumba na saa za kazi, na siku mmoja wetu anapotoka na debe, mwajiri anapata la kusema juu yetu sote. Pili, hata kama ningepewa kwa barua na muhuri, isingeifaa boti yetu. Oili ya treni imepikwa kwa ajili ya injini za treni. Injini za EMD za Marekani, kwa mfano, zilikuwa na beringi za pini ya pistoni zilizopakwa fedha, namaanisha madini yenyewe, ile ya mikufu. Dawa yenye zinki, ambayo oili za magari hutiwa ili kulinda chuma kinachosuguana, huila fedha ile. Kwa hiyo oili ya treni hutengenezwa bila zinki. Injini yetu ndogo haina fedha po pote. Kamu na tapeti zake ni chuma juu ya chuma, nazo zinaitaka ile zinki. Kilicho chakula kwa huyu ni sumu kwa yule.

Kuna na swali la nne, ambalo vijana waliniuliza kwa kucheka, nami nalijibu bila kucheka. Waliniuliza kwa nini tununue oili ya ng'ambo na hali mafuta yaligunduliwa hapo Lokichar, kisima cha Ngamia 1, mwaka 2012. Mafuta yale ni ghafi. Yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Oili ya injini ni sehemu moja tu inayotolewa katika mafuta ghafi, nayo husafishwa na kutiwa dawa mbalimbali. Hata kile kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kazi hiyo mwaka 2013. Itakapotoka oili ya Lokichar katika debe lenye SAE na API ubavuni, mimi nitakuwa wa kwanza kuinunua.

Kuhusu duka, neno moja. Wako watu wanaookota madebe matupu ya oili nzuri, wakayajaza oili mbaya na kuyafunga tena. Angalieni lakiri ya kifuniko, angalieni alama ya KEBS, na msinunue oili iliyopimwa kwa chupa ya soda kutoka kwenye pipa lisilo na jina. Ombeni risiti. Mwenye duka anayekataa kuandika risiti amekwisha kuwaambia habari za oili yake.

Sasa niseme juu ya kusimama bure, kwa sababu naona hapa ndipo tunapokosa zaidi. Injini ya lori inafanya kazi kila siku. Boti yetu husimama juma zima upepo ukiwa mbaya, au samaki wakiwa hawana bei. Mnadhani injini ikisimama inapumzika. Chuma hakipumziki. Ndani yake mna oili yenye asidi na unyevu, na kutu inaanza kula silinda hapo hapo. Na maji ya ziwa letu ni ya magadi, yanaacha gamba jeupe kila yanapokauka.

Katika historia ya reli zetu za Afrika Mashariki kuna kisa ambacho wazee wa karakana hupenda kukisimulia. Wajerumani waliunda meli kwao, wakaileta vipande vipande kwa reli mpaka Kigoma, wakaiunganisha hapo, na mwaka 1915 ikashushwa katika Ziwa Tanganyika kwa jina la Graf von Goetzen. Julai 1916, katika vita, waliona watanyang'anywa, wakaizamisha wenyewe. Lakini mafundi waliokuwamo hawakuizamisha hivi hivi. Waliipaka mitambo yake grisi nzito kila mahali kwanza. Waingereza waliiinua mwaka 1924, imelala chini ya maji karibu miaka minane, wakakuta mitambo inafaa kutengenezwa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, chini ya reli ya Tanganyika, nayo ilikwenda kwa mvuke mpaka miaka ya 1970 ilipotiwa injini za dizeli. Mitambo ile ilikaa ndani ya ziwa miaka minane ikapona, kwa sababu mtu alifikiria mafuta kabla ya kuiacha. Yetu inakaa juu ya maji majuma mawili na inaota kutu.

Kwa hiyo tukijua boti itasimama, oili ibadilishwe kabla ya kusimama, si baada. Itiwe mpya, injini iwashwe dakika chache mpaka ipate moto ili oili mpya ifike kila pembe, ndipo izimwe. Wengi wetu tunafanya kinyume, tunaiacha na oili mbovu, kwamba tutabadilisha siku ya kurudi kazini. Ni kama kumlaza mgonjwa na nguo zenye maji.

Kubadilisha mara ngapi? Tuhesabu kwa saa, si kwa miezi. Injini yetu inakwenda kama saa mbili kwenda kwenye nyavu na saa mbili kurudi, yaani saa nne kwa siku. Nashauri kila saa 100, na hiyo ni siku 25 za kuvua. Filta ibadilishwe pamoja nayo. Lakini mara hii ya kwanza, baada ya matengenezo, tusingoje saa 100. Oili mpya yenye dawa ya kusafisha itabandua uchafu wa miaka mingi uliomo ndani, nao utajaa katika filta. Tuimwage baada ya saa 25. Mtaona imetoka nyeusi kama lami, na mtu asiseme oili ilikuwa mbaya. Imekuwa nyeusi kwa sababu imefanya kazi.

Vijana wa boti wafanye mambo machache kila asubuhi kabla ya kuwasha. Wachomoe kijiti cha kupimia, wakipanguse, wakirudishe, wasome. Oili ikipungua waongeze ile ile. Ikiwa imepanda juu kuliko jana na hakuna aliyeongeza, wasifurahi. Kuna kitu kimeingia. Wanuse. Ikinuka dizeli, fundi aangalie pampu na nozeli. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni maji, na injini isiwashwe. Wakiwa na shaka, wapashe kipande cha bati moto sana na kudondosha tone moja juu yake. Oili safi itatoa moshi kimya kimya. Yenye maji italia, ta-ta-ta, kama chumvi motoni. Kipimo hicho hakina gharama.

Na wakiwa ziwani oili ikapungua, na iliyopo ni 15W-40 ya gari la mtu hali yetu ni 40? Waiongeze, warudi. Kuchanganya si kuzuri, lakini injini yenye oili mchanganyiko inafika pwani, na isiyo na oili haifiki. Isipokuwa ile yenye picha ya boti na maandishi ya TC-W3. Hiyo sitaki kuiona ndani ya boti hata kidogo, isije ikachukuliwa gizani.

Gia-boksi ina oili yake mbali. Kitabu kinasema itiwe oili ile ile ya injini, lakini injini nyingine zinataka nyingine, basi mtu akituuzia gia-boksi ya namna nyingine tusiendelee kwa mazoea.

Oili inayotolewa isimwagwe ziwani, wala katika Turkwel. Samaki ndio shamba letu. Itiwe katika debe kuukuu, ifungwe, irudishwe Lodwar kwa gari la samaki, wako wanaoinunua. Na anayeishika aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula, maana oili chafu ikikaa katika ngozi miaka mingi huleta ugonjwa mbaya. Sisi wa karakana tunalijua hilo.

Limebaki jambo la fedha, nami naomba likatwe leo kabla hatujatawanyika. Sampu inachukua lita nne na nusu. Kwa saa 100 mara moja, na nyongeza ya katikati, tunataka debe la lita tano na lita moja juu yake kwa kila siku 25 za kuvua, pamoja na filta moja. Fedha hizo zitengwe kabla ya kugawana ya samaki, si katika masalio, kwa sababu masalio sijawahi kuyaona. Mama mweka hazina ana daftari. Naomba afungue ukurasa mmoja wa injini, na nahodha akirudi kila siku amwambie saa alizokwenda, hata kwa simu, naye aandike. Zikifika 90 ampigie simu mwenye duka.

Kesho alfajiri naondoka na gari la Kalokol, na nimechukua spana zangu. Wale vijana wawili nataka tufuatane, ili oili ya kwanza waimwage na kuitia kwa mikono yao wenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni. Sasa Ndugu Mwenyekiti, kama kuna maswali niko tayari.